Sifuri Nne

Kajaani, saa kumi na mbili kasoro dakika moja jioni,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Magari mia nne yananyonya kimya
kila moja na waya wake mdomoni.

Gari moja si kitu.
Hata hilo la Veikko, nje ya maktaba,
kiti cha nyuma kimejaa vitabu vilivyopitisha tarehe,
halili umeme wa kutisha:
birika tatu zinazochemka, basi.
Lakini kuna mtu, sijui yuko wapi,
sijui kama kwake ni mchana,
aliyezifundisha chaja zetu neno moja.
Zima.
Baada ya sekunde kumi, la pili.
Washa.
Zima. Washa. Zima.
Za kwetu, za Oulu, za kusini maelfu kwa maelfu,
zote, kwa pumzi moja.

Tuliambiwa haba na haba hujaza kibaba.
Hatukuambiwa kwamba haba na haba
zikipatana saa
hukipasua.

Katika chumba cha kuongozea gridi
Raili ana nambari moja ukutani: hamsini.
Ndiyo mapigo ya moyo wa nchi.
Ikawa arobaini na tisa nukta nane.
Ikapanda. Ikashuka, chini zaidi,
kama kifua cha mtu aliyepanda ngazi na mzigo.
Akachagua mtaa wa kuukata ili mingine ipone.
Mikono haikutetemeka, aliniambia.
Ilitetemeka kesho yake, akimenya viazi.

Mtaa ulikuwa Lehtikangas.
Ghorofa ya tatu anakaa mdogo wake
na mtoto wa siku tisa.
Walivaa makoti, mume na mke,
wakamlaza mtoto katikati yao
kama siri.

Umeme ulirudi saa nne na robo.
Asubuhi mimi, fundi, nikapewa orodha:
badilisha neno la siri, chaja moja moja, kwa mkono.
Vua glavu. Andika. Vaa glavu. Puliza vidole.
Redioni mtaalamu anasema adui huyu ana akili nyingi,
ana pesa, huenda ana serikali nyuma yake.
Nikaitikia kwa kichwa, peke yangu, garini.

Ya kumi na saba iko nyuma ya bwawa la kuogelea.
Nikafungua kifuniko.
Ndani, kikaratasi cha njano, gundi bado inashika:
sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.
Chini yake: badilisha baadaye.

Nazijua sifuri hizo.
Hazifungi juu, zina mwanya mdogo.
Tangu darasa la kwanza naziandika hivyo,
na mwalimu alisema, alisema,
funga mlango, Ilmo,
funga mlango.