Mshale

Miaka miwili ya mwanzo baba mkwe hakuniachia msumeno wake,
wala usukani wa gari lake.
Binti yake aliniachia, lakini kwa kukohoa.
Eino Lahtela, mpima nafaka mstaafu
wa maghala ya bandari ya Thunder Bay,
mtu wa kukaza skrubu mpaka zilie,
mtu wa kusema: "Kitu hufanywa sawasawa, au kiache."

Januari hii goti limemgomea.
Ngazi ya kushukia chini ya nyumba ina vidato kumi na vitatu;
amevihesabu vyote akiwa kitini.
"Dario," akaniita,
"kabadilishe chujio la tanuri.
Zima swichi kwanza. Kwanza, umesikia?"

Nilisikia. Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
theluji imepanda madirishani.
Nikazima. Feni ikapunguza mwendo, ikakata,
nyumba nzima ikatega sikio.

Juu ya bati la mfereji wa hewa, kwa penseli,
tarehe zake zimejipanga safu kwa safu:
miaka kumi na moja, kila baada ya miezi mitatu,
hakuruka hata moja,
hata mwezi ule aliomzika mkewe.

Nikavuta chujio. Likatoka zito, kijivu,
limevaa manyoya ya paka tuliyemfukia vuli,
unga wa mkate, nywele zetu, ngozi zetu,
vumbi la watu watatu wanaokula meza moja
bila maneno mengi.
Ila vumbi lilikuwa upande wa waya.
Upande wa waya!
Nikaigeuza fremu ya kadibodi niisome:
mshale ulikuwa umeligeuzia tanuri kisogo.

Mshale, jamani, hufuata hewa.
Hewa hutoka vyumbani imechoka, imebeba taka,
huchujwa, ndipo huingia tanurini
ikapashwa, ikapanda tena kwa watu.
Mshale utazame tanuri. Basi.
Imeandikwa pale pale kwa herufi kubwa
kwa yeyote asiyedhani anajua.

Machujio arobaini na manne,
yote yamevaliwa kama shati lililogeuzwa, mishono nje,
na mwenye shati ndiye mkaguzi wa kola za wenzake.

Nilicheka. Nakiri. Nilicheka peke yangu
hadi nikaegemea mashine ya kufulia.
Kisha kicheko kikanikaukia mdomoni:
nani ampelekee mkwe habari za nguo yake?

Nikalitoa jipya katika nailoni yake,
inchi kumi na sita kwa ishirini na tano.
Sikulipinda, sikulisukuma kwa nguvu.
Nikapitisha kidole pembeni kutafuta mwanya,
maana hewa ni mwizi, haipiti penye mlinzi.
Mshale kwenye tanuri. Kifuniko. Swichi.
Nikaandika tarehe chini ya zake,
mwandiko wangu ukilala upande.

Juu nilimkuta ameinamisha kichwa, anasikiliza.
"Leo linanguruma vingine."
"Chujio jipya," nikasema.
Akanitazama kwa muda wa kumenya chungwa zima.
Kaarina akaniuliza kwa macho;
nikaomba chumvi.

Aprili goti likamwachia. Akashuka mwenyewe,
vidato kumi na vitatu, mkono wangu akaukataa.
Alikaa huko chini kupita urefu wa kazi.

Mimi sikwenda kuchungulia. Ilikuwa Mei,
natafuta kopo la rangi ya uzio,
nikaona tarehe yake chini ya yangu,
na kando yake, penseli imekandamizwa hadi bati limekwaruzika,
mshale mmoja
kuelekea tanuri.

Hakusema neno, nami sikusema.
Jioni akaniazima msumeno,
akanionyesha mara mbili
jinsi ya kuushika.