Supu ya Februari

Julai, Winnipeg. Saa tatu za usiku na jua bado limekaa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Mimi ni wa mlangoni, Ukumbi wa Kumi na Moja,
chini ya duka lililowahi kuuza vifungo.
Nachana tiketi, nahesabu vichwa,
naelekeza watu chooni.

Nje, wasanii wanavizia foleni za wenzao:
msichana aliyejipaka masizi anagawa vikaratasi,
ndugu wawili kutoka Moncton wamevaa kaptura moja,
wanaapa kwamba mchezo wao ni dakika arobaini na tano tu
na hakuna atakayelia.
Huyu amekata nyota nne gazetini, kazibandika kwenye bango lake.
Yule kapewa mbili; ya tatu kajichorea kwa kalamu.

Orest Bilyk hana bango.
Ana kiti, taa moja, na jokofu bovu
alilolisukuma mwenyewe kwa toroli.
Dereva wa basi mstaafu, miaka sabini na miwili,
mchekeshaji tangu Machi.

Usiku wa kwanza walikuja sita.
Wawili kati yao walikosea mlango.
Akaniangalia: "Dada, kaa nawe. Viti vitupu vinaniogopesha."
Nikakaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa kwetu,
ila pale sikujua mgeni ni nani kati yetu.

Kiingereza chake ni cha kumumunya,
maneno hupita masharubuni yakatoka yamelowa.
Nilidaka jokofu, nikadaka supu, nikadaka mke;
kisha akafungua, akasoma vikopo kimoja kimoja:
"Bitiruti, Disemba.
Uyoga, Januari.
Kabichi, Februari."
Akanyamaza.
Nami nikacheka.

Kicheko changu si cha adabu.
Nilikirithi kwa shangazi Nyamizi wa Tabora,
ambaye akicheka, kuku wa jirani waliyakimbia mayai.
Kikawashika wale sita
kama moto wa kiangazi.

Tangu hapo kila usiku akanitafuta kwa macho.
Usiku wa tano tulikuwa ishirini na tisa.

Usiku wa sita sikio langu likazibuka, sijui kwa nini,
labda mvua ilituliza barabara,
labda meno yake ya bandia yalikaa sawa.
Nikasikia yote. Halyna alijua tangu Oktoba.
Alipika amesimama, akapika ameketi,
mwisho akapika kwa kuelekeza kidole.
Akaandika majina ya miezi ambayo hatakuwapo,
mzee asile cha kopo mpaka barafu iyeyuke.
Na ile ya kabichi iko nyumbani, imeganda,
huu mwaka wa tatu,
hajaila.

"Kabichi," alisema Orest. "Februari."
Akaningoja.
Ukumbi mzima ukaningoja.
Taa ikawa inaunguruma peke yake.

Baadaye nilimkuta uchochoroni, waya begani,
mbu wakimla. Nikamwomba radhi:
nimeucheka msiba wako siku tano, baba.
Akatikisa kichwa, na mara hii kila neno likatoka kavu:
"Leo ndiyo umeniharibia.
Usipocheka pale, sina pa kutokea.
Nabaki jikoni."

Usiku wa saba, wa mwisho.
Ndugu wa Moncton wamekuja, kila mmoja na kaptura yake,
msichana wa masizi kanawa uso, simjui tena.
Viti arobaini vimejaa, wengine wako ngazini,
jambo lisiloruhusiwa, nami ndiye niliyeliruhusu.
"Bitiruti, Disemba."
Nikashika ukingo wa kiti.
"Uyoga, Januari."
Nikamwita Nyamizi huko aliko.
"Kabichi," akasema,
na kabla hajafika Februari
nilikuwa nimeshamfungulia mlango.