Makopo ya Wageni

Masika haya yaliingia ndani bila hodi,
yakapenya tundu la msumari juu ya kabati,
yakadondoka usiku kucha, tone, tone,
kwenye chai za wageni.

Asubuhi nikazitoa zote, nikazipanga mkekani,
ukumbini kwangu, Barabara ya Kumi na Nne,
kumi na tisa, zimekaa kama watoto wa chuo
wanaongoja kusikilizwa juzuu.
Makopo, vijaluba, pakiti za karatasi ya kung'aa:
ya waridi, aliyoileta wifi Salha kutoka Maskati,
ya yasmini, ya ndimu, ya embe, ya vanila,
na moja yenye picha ya vitunda vyekundu
ambavyo Ngamiani nzima hakuna avijuaye jina.

Miaka kumi na moja nimezitunza.
Mgeni akija nampa chai ya rangi,
majani ya Amani, iliki tatu za Muheza, basi.
Moyoni nasema: huyu si mgeni wa kopo.
Na wa kopo hakuja.

Fundi Shemhilu alikwisha panda na nyundo yake.
Nikamwita, "Shuka. Leo hunywi maji."

Tukaanza na ya embe.
Akaonja, akachungulia kikombe.
"Mama, embe lenyewe walilipitisha mbele ya dirisha."
Ya waridi: "Hii nimewahi kuoga nayo."
Kuna ya moshi, sikumbuki aliyeileta,
ilinuka ng'onda hata nikakimbilia jikoni
kutazama kinachoungua.
Ya vitunda vyekundu ilitukunja nyuso.
"Choya," nikasema, "choya iliyokwenda shule."
Akacheka mpaka akaweka nyundo chini.

Tundu moja juu ya bati likawa saba.
Siku nne alipiga misumari, siku nne tulichemsha.
Bi Mize akasikia harufu, akaja na mkate wa kumimina;
ya ndimu akaisifu, ya yasmini akaimwaga
kwa adabu, nyuma ya mlango, akidhani sioni.
Wajukuu zake wakaimaliza ya vanila kwa maziwa
wakauliza kesho kuna nini.
Zilizoota ukungu nikazizika chini ya mrehani,
ambao mpaka leo umenuna.

Mimi ndimi niliyeshangaa.
Nilidhani nitaona uchungu, kila kopo likitoa mlio wake wa utupu.
Nikajikuta nalisugua, nalianika juani,
nalitafutia kazi: hili la chumvi, hili la vifungo.

Likabaki la buluu.
Kifunikoni plasta, juu ya plasta mwandiko wa Mwanaheri,
mdogo wangu, herufi kubwa, za kuamrisha:
USINYWE MPAKA NIJE.

Alikwenda Pangani. Tuligombania nyumba hii,
bati hili hili linalovuja,
nani alipe, nani arithi, nani alimuuguza mama usiku.
Pangani. Nauli yake haifiki bei ya kuku.

Nikalifungua peke yangu, fundi yuko juu.
Nikaingiza pua mpaka ndani.
Hakuna. Si iliki, si mdalasini, si yeye.
Nikayachemsha vivyo hivyo. Yakatoa rangi ya kutu
na ladha ya maji yaliyosikia habari za chai.
Nikanywa kikombe chote.
Nilikuwa nimekatazwa, na nilikuwa na kiu.

"Hilo kopo la buluu," Shemhilu akauliza akishuka,
"unalitumia? Misumari yangu inanitoboa mfuko."
Nikampa.
Ila plasta niliibandua kwanza, pole pole, kwa mvuke wa birika,
nikaibandika ndani ya mlango wa kabati.

Kabati sasa ni tupu, na ni kavu.
Mvua ya jana imegonga, imepita.
Mwanaheri akija, aje na majani yake.
Maji ninayo.