Kozi wa Ghala Nambari Saba

Tarehe mbili niliandika daftarini:
ngano, magunia elfu moja mia nne;
dawa ya fukusi, madebe sita;
glavu, jozi moja, imetoboka kidole gumba.
Kozi sikumwandika. Hakuwa mali ya kampuni.

Alikaa juu kabisa ya ghala letu la Shimanzi,
penye herufi za bati zilizoanza kudondoka,
ndani ya O
ya jina la tajiri aliyekwisha kufilisika.
Mgongo wake rangi ya mvua isiyonyesha bado,
masharubu meusi kama ya afisa wa forodha.
Akishuka, njiwa walijua kabla yetu:
paa zima lilipasuka mbawa,
kisha manyoya mawili matatu yakitelemka taratibu
hadi kwenye chai ya Nyawa.

Nyawa ndiye mpuliziaji.
Leso ya mkewe puani, bomba mgongoni,
hupita kati ya magunia akihesabu pumzi.
Jioni hukung'uta shati mara tatu kabla hajamshika mwanawe.
Alinionyesha fukusi waliokufa kiganjani.
"Kama ufuta," akasema, akacheka.
Na punje zilizomwagika mlangoni, nyeupe kwa unga wa dawa,
tulizifagia kando ya reli.
Njiwa wakaja. Njiwa hawasomi kibandiko.

Husemwa, kozi mandanda,
kulala na njaa kupenda.
Basi sikiza: nyuni wetu hakulala na njaa hata usiku mmoja.
Alikula. Njiwa wazito, wenye kuyumba,
njiwa ambao hata yule paka kiguru wa getini angewakamata.
Alikula shibe ya mwaka mzima,
na kila njiwa alimwachia kitu kidogo,
kidogo kuliko chumvi ya kuonjea mchuzi,
nacho hakikutoka tena.

Mwezi wa nane akataga mayai matatu,
mekundu ya kahawia, kama udongo wa Mariakani.
Nilipanda ngazi ya zimamoto kuyaona, viatu mkononi,
mimi mtu mzima, karani, mwenye sukari na goti bovu.
Mara ya pili yalikuwa mawili.
Mara ya tatu nilimkuta amekaa
juu ya ute.

Hakuna aliyerusha jiwe.
Hakuna nyoka, wala kunguru, wala mtoto mtundu.
Aliyavunja mwenyewe kwa kuyaatamia.
Ganda lilikuwa jembamba kama ganda la kitunguu,
na mama ni mzito, mama yeyote ni mzito
anapojilaza juu ya akipendacho.
Siku kumi na moja aliendelea kukaa,
akigeuza kwa mdomo kitu kisichokuwepo.
Ya kumi na mbili, O ilikuwa tupu,
naona wingu ndani yake.

Nikamweleza Nyawa. Akanyamaza muda,
akavua glavu, akatazama kidole gumba,
ukucha umepauka hadi kwenye nyama.
"Bi Mwanakombo," akasema,
"mke wangu ana mimba ya miezi mitano.
Leso hii kila jioni
ni yeye anayeifua."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kalamu.
Tarehe thelathini nikafunga hesabu:
ngano iliyoharibika, hakuna.
Fukusi, hakuna.
Nikapiga mstari, kisha chini ya mstari,
mahali pa sahihi ya meneja, nikaongeza:
kozi, mmoja. Mayai, matatu. Leso, moja.

Meneja akavaa miwani, akavua, akauliza,
hivi ni vya nani?
Juu ya vichwa vyetu njiwa walikuwa wakitembea kwenye bati,
kwa miguu,
bila haraka yoyote.