Kumi na Tisa

Karatasi ilikuwa ya zamani, imekunjwa mara nane,
na Newala yetu imekatika hapohapo palipochanika.
Nandonde, fundi wa bomba, aliitandaza juu ya boneti,
akaiwekea mawe manne; upepo wa ukingoni hauna adabu.
"Hii mistari ya kahawia si njia," akasema.
"Kila mmoja ni mguu uliokataa kupanda,
ukakataa na kushuka."

Mimi niliona pete za shina la mkorosho uliokatwa.

"Ikitawanyika, tembea. Ikibanana, shika mti."
Chini ya mji ilibanana mpaka ikawa doa,
kama chai iliyomwagika.
Nikaihesabu kwa ncha ya mwiba, kalamu aliikataza:
kumi na tisa.
Kati ya mstari na mstari, mita ishirini za kupanda.

Hapo hesabu ikanikwama kooni.
Mama mdogo Somoe aliteremka alfajiri, miaka yote ile,
akapanda na ndoo ya lita ishirini kichwani.
Mita ishirini, lita ishirini,
kumi na tisa.
Sikujua kwamba kuhema kwake kuna idadi.
Nikaweka kidole gumba:
kisima, mteremko, jiko letu,
vyote vikaingia chini ya ukucha.

Siku ya tatu nikapewa kuongoza.
Mistari ikichongoka kuelekea juu, ni bonde;
ikichongoka kuelekea chini, ni mgongo wa kilima.
Nilikariri vizuri. Nikageuza.
Saa mbili tulishuka, panga likifungua vichaka,
mimi mbele, dira shingoni kama hirizi,
tukatokea kwenye pua ya kilima:
mchanga mwekundu, mabibo yaliyooza, nzi.
Kulia bonde, kushoto bonde,
yote mawili mabichi, yote mawili mbali.

Nandonde hakufoka. Alikaa, akamenya muhogo.
"Tuko wapi?"
Nikaacha kwanza karatasi.
Nikatazama Ruvuma, uzi wa fedha kule chini,
nikatazama mnara wa simu tulikotoka.
Kisha nikaizungusha ramani taratibu
mpaka kaskazini yake ikalala juu ya kaskazini ya dira,
na kilima kikaingia mahali pake
kama mfupa ulioteguka.
"Hapa."
"Ndipo ulipokuwa tangu asubuhi?"
"Hapana. Tangu sasa hivi."
Akanikatia kipande cha muhogo.

Jioni nikampelekea Somoe nakala.
Aliishika juu chini, sikumsahihisha.
Akauliza bomba litapita wapi, nikamwonyesha lile doa.
Akaweka kidole chake, kile chenye kovu la mpini wa ndoo,
akakishusha mpaka kisimani, akakipandisha,
akakishusha tena, akakipandisha,
haraka, bila kuhema.
"Kumbe," akasema, "ni laini."