Kadi za Ghala la Mizigo

Miaka thelathini na mmoja niliandika hati za mizigo
stesheni ya Tabora: asali madebe arobaini,
tumbaku marobota sita, karanga, mbao za mninga,
mtumaji, mpokeaji, uzito, hali ya kifungashio.
Mwandiko wangu ulisomeka hadi Mpanda.
Sasa ghala limepakwa chokaa, wanaliita ukumbi wa sanaa,
na binti wa Manispaa amenikabidhi kadi nyeupe:
"Mzee Kasele, tuandikie.
Jina la kazi, jina la fundi, bei. Basi."

Basi? Mzigo gani umewahi kusafiri kwa mambo matatu?

Nikaanza na mtungi wa Nyanzala wa Itetemia,
alioupandisha kwa viganja, duara juu ya duara,
ukingoni kidole gumba chake kimebaki.
"Ujazo?" nikauliza.
"Ndoo mbili na jasho lake."
Nikaandika: Mtungi. Ndoo mbili na jasho.
Baadaye wakasimamisha kibao cha USIGUSE,
na wa kwanza kukemewa akawa Nyanzala mwenyewe,
akifuta vumbi kwa ncha ya kanga.
Aliurudisha mkono kama aliyeungua,
yeye ambaye moto wa tanuru haujamtisha.

Shija wa Gongoni, darasa la tano, kaleta baiskeli ya waya.
Usukani unageuka. Kengele ni kizibo cha soda.
"Bei?"
Akatazama dari, akatazama viatu vyangu.
"Baiskeli nyingine. Kubwa."
Nikaandika hivyo hivyo. Binti wa Manispaa akafuta.
Nikaandika tena.

Nyandwi alitoka Ulyankulu na kikapu mapajani,
kifuniko kimechongoka, nyasi zimebanwa
hata punje ya ulezi haipati pa kutokea.
Mama yake alivuka Malagarasi
na sindano ya kusukia, na yeye mgongoni,
mwaka ambao hautaji.
Mimi kwa mazoea nilikwisha chora safu: Kilikotoka.
Akanyamaza. Nje injini ilikuwa ikipanga mabehewa,
inagonga, inaachia, inagonga.
"Hapo paache," akasema. "Andika kinakokwenda."
"Kinakwenda wapi?"
"Si kimeshafika?"

Jumamosi watu walijaa, viatu vikilia sakafuni.
Bwana mmoja wa Isevya akanijia mezani:
mtungi kama ule uko jikoni kwa mama mkwe wake,
kwa nini alipe kiingilio?
Sikuwa na jibu. Nikamwambia asogee kidogo kushoto,
pale mwanga wa saa nne unapoushika mtungi ubavuni.
Akasogea. Mkewe alimwita mara mbili.

Kiingilio chake hakunidai tena.

Mwisho kabisa ni mzinga wa Luhende,
gogo lililokombwa, limening'inia kwa waya
kwenye ndoano ile ile tuliyopimia magunia.
Ndani ameupaka nta, harufu inakukuta mlangoni.
"Nta ya nini, na huu uko ndani ya nyumba?"
Akanitazama kama karani mgeni.
"Usipoupaka nta, umetundika kuni."

Jumanne ukumbi ulikuwa mtupu, bati likilia kwa jua.
Nyuki mmoja akaingia.
Akapita juu ya baiskeli, akapita kikapu,
akazunguka mzinga, akatua, akazama tunduni.
Nikatazama saa, kama nilivyoitazama
kwa kila treni iliyochelewa.
Dakika tisa.
Akatoka, akapiga duara moja, akaenda.

Nami najua nyuki wa namna ile huenda kuwaambia wenzake.

Kanuni iko ukutani: madirisha yafungwe saa kumi.
Nikalifunga la kaskazini, nikalifunga la reli.
Nikaichukua kadi ya Luhende; bei alikuwa hajasema,
na safu ya mpokeaji, niliyoichora bila kuagizwa,
ilikuwa ingali wazi.

Dirisha la mashariki nimeliacha.
Kesho wakiuliza, nitasema komeo limeshika kutu.