Jino la Thelathini na Sita

Kabureta ya Baba nimeiweka dirishani
juu ya gazeti. Bado inanuka petroli ya mwaka juzi.
Mama akipika huitupia jicho
kama mtu aliyekuja kudai akakataa kiti.

Pijo 504, pikapu, rangi ya maziwa yaliyolala.
Ilibeba viazi kutoka Kisoro hadi Kabale
kabla sijaota meno,
na kila ilipopanda Kanaba ilikohoa, ikatema moshi mweusi,
maana hewa ya juu ni nyepesi
na kabureta haijui kwamba imepanda.
Inamimina tu, vilevile, kama mlevi anayewajazia wenzake.
Baba alishuka. Bisibisi ilikaa sikioni
pale karani anapoweka kalamu.
Nusu mzunguko. Akasikiliza. Robo tena.
Sisi tulikojoa majanini, tukahesabu:
Muhavura, Mgahinga, Sabinyo,
hadi injini ikapata sauti yake.

Mimi sina sikio lile.
Nina mita, nina solda, nina laptopu ya shule
inayotakiwa Jumatatu kabla ya gwaride.

Injekta nne nilizing'oa kwenye Korona iliyopinduka Muhanga.
Pampu ilikuja na basi la usiku kutoka soko la Kisekka
ndani ya mfuko wa unga, na unga haukukung'utwa.
Tundu la sensa kwenye ekzosi alilichomelea Ntegyereize,
fundi wa mageti na vitanda,
akiniuliza mara tatu kama kweli natoboa kitu kizima.
"Petroli itakuja kwa presha ya baa tatu," nikamwambia.
"Tatu! Baba yako baa moja ilimlaza."
Sikujua alitaja ipi,
ya bia, au ile iliyotushukia Februari.
Nikaendelea kumshikia tochi.

Gurudumu nililikata mwenyewe kwa tupa, meza ya jikoni,
meno thelathini na sita,
kisha la mwisho nikalifyeka.
"Umeshaharibu," akasema Mama.
Nikamweleza: meno yote yakizunguka sawasawa
kompyuta haijui iko wapi.
Inangoja pengo. Pengo likipita
ndipo inasema: hapa, pistoni ya kwanza iko juu,
sasa, cheche.
Mama akamenya kiazi kimoja hadi mwisho, ganda halikukatika.
"Kama mimi nikipakua," akasema.

Jumamosi iliwaka mara moja,
ikapiga chafya ya moto, ikaondoka na nyusi yangu ya kushoto.
Waya mbili za njano, moja ina mstari, moja haina,
nami nilizipishanisha.
Halafu umeme ukakatika.
Jumapili saa tano usiku, bila choki,
kwenye baridi hii inayogandisha mafuta ya kupikia,
ikawaka.
Mbwa wa jirani akanyamaza kwanza, mimi baadaye.
Namba zikarukaruka kwenye skrini, kumi na moja, kumi na saba,
zikatua kumi na nne nukta saba
na kukaa hapo, kama kuku aliyepata kiota.

Laptopu niliirudisha.
Mwalimu mkuu hajauliza bado kuhusu grisi kwenye herufi M.

Jumanne tumepanda Kanaba na magunia tisa.
Sensa ikaonja hewa, ikapunguza petroli yenyewe,
hapakuwa na moshi, hapakuwa na kikohozi,
na pale pa kushukia tukapapita
kabla sijajua kwamba ndipo.
"Simama," akasema Mama.
"Haina tatizo."
"Najua. Simama."

Ukungu ulikuwa umefunika milima yote mitatu.
Injini ilinguruma taratibu, haina inachotaka kwetu.
Nikashuka, nikafungua boneti,
nikasimama kidogo,
nikaifunga.